Kisanji hakina uchafu: maneno kwa wale wanaoshika egalizeri

Siku hizi hapa Lubumbashi hatukosi kijana mwenye studio ndani ya chumba chake. Katika Katuba, katika Kenya, utamkuta: ordinateri moja, mikro moja, sentetizeri iliyokwisha kutumika Ulaya, na godoro limesimamishwa ukutani juu ya kuzuia mwangwi. Vijana hao tunawasifu. Bila wao, nyimbo nyingi za wazee wetu zingekwenda kaburini pamoja na wenyewe. Lakini iko desturi moja inayoenea kati yao, na sisi tunaopenda mila hatuna haki ya kuinyamazia.

Tulimpeleka baba mukubwa studio juu ya kurekodi nyimbo za matanga, zile alizozipokea kwa baba yake. Fundi alimpokea kwa heshima, akampa kiti kizuri. Kazi ikachukua siku mbili. Tulipoletewa ile kazi nyumbani, baba mukubwa alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Ni nani huyu anapiga? Ile haiko kisanji yangu." Sisi tukacheka. Yeye hakucheka. Na alikuwa na haki.

Kumbe mambo yalikwenda namna hii. Fundi alianza na sentetizeri. Akachagua sauti nene ya nyuzi, ile inayojaza nyumba nzima, na mwangwi wa kiwandani ndani yake. Mkono wa kushoto ukaongeza besi. Halafu akamwomba mzee asukume ndimi za kisanji, hii mbele, ile nyuma, mpaka zilingane na kinanda. Mwishoni, kwa sababu kisanji hakikusikika tena chini ya mzigo ule, akakipandisha, kilipopanda akasikia ile "zzz" yake, akasema: "Hii ni bruit." Akashika egalizeri, akaikata.

Ndugu wasomaji, ile "zzz" haiko bruit. Wazee wanaiweka kwa makusudi. Wanazungusha pete ndogo za chuma kwenye ndimi. Wengine wanatoboa tundu kwenye sanduku na kulifunika kwa utando wa buibui. Hata madimba yana utando wa namna ile kwenye vibuyu vyake. Mtu anatafuta utando, anaubandika kwa uangalifu, anajaribu, anarudia. Hiyo ni kazi ya mikono na ya masikio. Unaposhusha kila kitu kinachopita hertz 2000 juu ya kupata sauti "safi", unafuta kazi yake. Ni kama kumpiga mzee picha, halafu kumfuta makunyanzi na kumwambia: ndiwe huyu.

Wengine kati ya wazee wanasema dawa ni moja: kinanda kitoke katika mambo ya mila. Siwafuati. Gitaa nalo lilikuwa mgeni. Hugh Tracey alipomrekodi Mwenda Jean Bosco kule Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, gitaa lile lilitoka kwa Wazungu, lakini vidole vilikuwa vya kwetu, na leo hakuna mtu wa Katanga anayesema Bosco si wetu. Sentetizeri nayo inaweza kupata kiti. Swali ni kiti gani.

Vijana wao wanajibu: "Sauti ya kisanji namna ile, radio hawataipokea, inapaswa kuwa ya kimataifa." Hapo nawauliza: mnawajua Konono N°1 wa Kinshasa? Mawangu Mingiedi, aliyefariki mwaka 2015, alikuwa na likembe zake, na mikro alizojitengenezea kwa sumaku za vyuma vya magari ya zamani. Sauti ilikwaruza, ilipasuka, na hakuna aliyeifuta. Mwaka 2004 ilitoka katika diski Congotronics, huko Ubelgiji, na ulimwengu mzima ukageuza shingo. Hawakuipenda ile sauti kwa kuwa ilisafishwa.

Tena tuangalie kiwanda kinatuwekea nini. Tangu mwaka 1991 iko orodha ya sauti 128 ambayo vinanda vingi vinaifuata, wanaiita General MIDI. Kisanji chetu kimo, kwa jina la kalimba, namba 109. Kiko katika fungu moja na banjo, na sitari ya India, na koto ya Japani. Fungu lile waliliita "la kikabila". Kalimba ile haina pete, haina utando, na ngazi yake ni ya piano. Mtu akiizoea hiyo namba 109, atamwona baba mukubwa kuwa ndiye anayekosea.

Basi mafundi, fanyeni hivi; haiko ngumu. Kwanza rekodini kisanji kama kilivyo, na sentetizeri ifuate. Vinanda vingi vina mahali pa kusogeza kila noti kwa senti, na nusu ya toni ni senti 100: sogezeni kinanda kiende kwa mzee, si mzee aende kwa kinanda. Pili, zimeni mwangwi wa ndani ya sentetizeri mbele ya kurekodi. Mwangwi utaongezwa baadaye, lakini uliokwisha kuingia hautoki. Pandisheni sauti kwenye kinanda chenyewe, ingieni kwa mlango wa laini na si wa mikro, na acheni nafasi, kilele kisipite desibeli 6 chini ya sifuri. Mkisikia mngurumo wa umeme, ule wa hertz 50, tafuteni waya mbaya mbele ya kutafuta egalizeri.

Tatu, egalizeri ya kwanza ni filta ya sentetizeri yenyewe. Ifungeni kidogo, ondoeni mkono wa kushoto, chagueni sauti nyembamba. Kama bado inalemea, kateni kwenye sentetizeri, si kwenye kisanji: kati ya hertz 200 na 500 ndipo nyumba inapojaa, na desibeli 3 au 4 mara nyingi zinatosha. Na msikate mkisikiliza kinanda peke yake. Peke yake kitaonekana maskini. Pamoja na kisanji kitakuwa na adabu.

Kwa upande wa chama chetu, ninaomba mambo mawili. Kila wimbo wa mila tunaoulipia studio, nakala isiyoguswa na egalizeri ibaki kwetu. Na siku ya kumaliza kazi, mzee mwenye wimbo akae karibu na fundi, asikilize, na kazi isitoke mpaka yeye aseme: "Ndiyo, ni mimi."

Wanasema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Sentetizeri ni mgeni, karibu. Lakini mgeni anayekalia kiti cha mwenyeji, kisha anamwomba apunguze sauti ndani ya nyumba yake, huyo hajaja kutuponya. Baba mukubwa bado yuko hai, na kisanji chake kingali na pete zote. Tumrudishe studio mwaka huu, kesho isituchekeleshe.