Kibali cha Mariga kilikwama Nairobi, si London

Sisi Waafrika Mashariki tunaoishi Hillbrow, mjini Johannesburg, hatuhitaji kufafanuliwa maana ya neno "kibali". Ofisi ya wakimbizi ya Crown Mines ilipofungwa mwaka 2011, wengi wa mtaa huu walianza kudamkia foleni za Pretoria. Awe fundi cherehani, kinyozi au mhitimu wa chuo kikuu, kabla hajaulizwa anajua kazi gani, ataulizwa ametoka nchi gani. Ndiyo maana kisa cha McDonald Mariga, kiungo wa Kenya aliyekwisha kustaafu soka, kinatugusa kuliko wengine.

Mariga alizaliwa Nairobi mwaka 1987, katika nyumba ya mpira. Baba yake, Noah Wanyama, aliichezea AFC Leopards. Kijana akaondoka mapema kwenda Sweden, akachezea Enköping na Helsingborg, kisha mwaka 2007 akatua Parma ya Italia. Januari 2010 Manchester City ikamtaka. Bei haikuwa tatizo, wala uwezo wake. Tatizo lilikuwa sheria ya Uingereza iliyotaka nchi ya mchezaji iwe ndani ya 70 bora za FIFA, na Kenya ilikuwa mbali na hapo. Waziri Mkuu wa wakati ule, Raila Odinga, alijaribu kuingilia kati. Mwisho wa yote, Mariga hakwenda Manchester. Akachukuliwa na Inter Milan.

Wengi husema Mungu hamtupi mja wake, na kweli hakumtupa. Tarehe 28 Aprili 2010 Mariga aliingia dakika za mwisho kule Camp Nou, Inter ikiwa na watu kumi, wakaitoa Barcelona. Tarehe 22 Mei, Inter ilipoifunga Bayern Munich 2-0 mjini Madrid, yeye alikuwa benchi, na medali ya ubingwa wa Ulaya akaivaa. Wiki tatu baadaye Kombe la Dunia likaanza hapa Afrika Kusini. Wanigeria wa Hillbrow walikuwa na timu yao, iliyocheza na Argentina pale Ellis Park, mwendo wa miguu tu kutoka kwetu. Sisi hatukuwa na timu. Tulikuwa na jina moja la kujivunia, nalo ni Mariga.

Lakini tusijidanganye kwamba bahati ile ilifuta kosa. Mtazameni Papa Bouba Diop, kiungo wa Senegal aliyefariki Novemba 2020. Mwaka 2002 aliifunga Ufaransa bao lililoushangaza ulimwengu, na mwaka 2004 akatoka Lens kwenda Fulham ya Uingereza. Sheria ya viwango ilikuwepo, ila Senegal ilikuwa imekwisha kufika robo fainali ya Kombe la Dunia. Diop alipobisha hodi, nchi yake ilikuwa imesimama nyuma yake.

Na Mariga je, nyuma yake alisimama nani? FIFA iliifungia Kenya mwaka 2004, ikaifungia tena mwaka 2006, kwa sababu ya ugomvi wa viongozi na serikali kuingilia mambo ya mpira. Baada ya fainali za Afrika za 2004, Harambee Stars haikufuzu tena hadi 2019. Miaka hiyo ndiyo miaka yote ya ubora wa Mariga! Watu waligombania viti Nairobi, na bili ikalipwa na kijana aliyekuwa akitoa jasho Parma.

Wapo watakaosema sheria ile ya Waingereza ilikuwa ya kibaguzi, kwani inamhukumu mtu kwa pasi yake ya kusafiria. Tunakubaliana nao, sisi wa Hillbrow ndio mashahidi. Wapo pia watakaotukumbusha kwamba mdogo wake, Victor Wanyama, aliingia Ligi Kuu ya Uingereza mwaka 2013. Ni kweli, ila ilibidi kwanza apitie Celtic ya Scotland na kuifunga Barcelona. Mwana wa nchi iliyopangwa vizuri haombwi ushahidi wa namna hiyo.

Desemba 2024 Mariga alichaguliwa makamu wa rais wa shirikisho la soka la Kenya. Hatumwombi atusimulie habari za Milan. Tunamwomba ahakikishe Kenya haifungiwi tena kama ilivyofungiwa hata mwaka 2022, na vijana wa mitaani wapate ligi zinazoanza na kwisha kwa wakati. Kenya, Tanzania na Uganda zilikabidhiwa kwa pamoja uenyeji wa AFCON ya 2027, na viwanja vinajengwa. Viwanja ni vizuri, lakini havimpi mtu kibali. Kinachompa kibali ni nchi yenye jina, na jina hilo hutengenezwa nyumbani, na wale walioachiwa ofisi. Inter hupita mlangoni mara moja. Wengine wote hubaki kwenye foleni.