Shamba la kingoni linavyokula samaki wa ziwani

MKULIMA anayelima hadi ukingoni mwa Mto Simiyu huamini amepata eneo bora kuliko wenzake. Ardhi ina rutuba, unyevu haukatiki mapema, na bustani hustawi hata mvua zinapochelewa. Hesabu yake ni sahihi, ila haijakamilika. Ipo gharama isiyoingia katika daftari lake, nayo hulipwa na mvuvi na mchuuzi wa samaki walioko Ghuba ya Speke, mto unakomwaga maji yake.

Kabla sangara hajapandikizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960, mmoja wa samaki waliotegemewa sana alikuwa ningu. Samaki huyu huishi ziwani, lakini mvua kubwa zikianza hupanda mitoni na kutaga mayai kwenye majani yaliyofunikwa na maji pembezoni mwa mto. Nyavu za kutega zilizoingia ziwani mwaka 1905, na baadaye za nailoni, zilimvizia kwenye midomo ya mito akiwa safarini kwenda kutaga. Ningu akapungua hata kabla sangara hajaenea.

Leo wavu si adui pekee. Majani ya kingoni yakilimwa, ningu hakosi chakula tu, hukosa pa kutagia. Miti ikikatwa, udongo huporomoka, tope hufunika mayai na kujaza vidimbwi ambamo samaki hujihifadhi wakati wa kiangazi. Kuyu, anayependa maji yaendayo kasi juu ya changarawe, huhama au hufa. Maji yasiyo na kivuli hupata joto, na maji ya moto hubeba hewa kidogo. Ongeza mifugo inayokanyaga kingo kila mahali, na mkulima wa pamba anayesuuza bomba la dawa mtoni.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Lakini tupige hesabu. Ukingo wenye urefu wa mita 100 kwa upana wa mita 60 ni mita za mraba 6,000, yaani karibu ekari moja na nusu. Kwa mwenye ekari tatu, hiyo ni nusu ya shamba. Sheria inamwambia aliache. Haimwambii watoto watakula nini. Mwenye hasara yuko juu ya mto, mwenye faida yuko chini. Katika hali hiyo, mabango na faini peke yake haviwezi kufua dafu.

Jibu liko Usukumani kwenyewe, nalo ni ngitili. Wazee walitenga malisho wakati wa mvua na kuyafungua kiangazi. Mradi wa HASHI, ulioanza Shinyanga mwaka 1986, uliufufua utaratibu huo na miti ikarudi kwenye ardhi iliyokuwa tupu. Ukingo wa mto ukifanywa ngitili ya kijiji, utafungwa msimu ule ule ambao ningu hupanda kutaga. Kiangazi utatoa majani ya kukatia ng'ombe, asali ya mizinga na kuni za matawi makavu. Mifugo ipewe njia moja ya kufikia maji, au mabirika yaliyo mbali na mto.

Nani alipe? Halmashauri za mwambao hukusanya ushuru wa samaki kwenye mialo. Sehemu yake ingerudishwa kwa vijiji vinavyotunza kingo, kwa njia ya miche, mizinga na mabirika. Tangu mwaka 2012 mto huu unapita mikoa miwili, Simiyu na Mwanza, hivyo Magu haiwezi kupanga bila Maswa na Bariadi. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria inaweza kuwakalisha meza moja. Nao wavuvi, kupitia vikundi vya BMU, waache midomo ya mito wazi wakati wa mvua. Haitakuwa haki mkulima aache ekari yake ili wavu umalize faida.

Wapo watakaosema sangara na dagaa hawahitaji mto. Ni kweli, huzaliana ziwani. Lakini tope na mbolea vinavyoteremka mtoni hulisha magugu maji na kuchafua maji ya kina kifupi ambako sato hujenga viota. Zaidi ya hayo, mchuuzi wa Mwaloni Kirumba anayetegemea aina mbili tu za samaki ni sawa na mkulima wa zao moja: bei au mavuno yakiyumba, hana pa kuegemea.

Kila kijiji kipime mita zake 60 na kukubaliana matumizi yake kabla ya masika. Mvua haisubiri vikao, na ningu naye hasubiri.