Mfupa Hausomi Kalenda ya Mashindano

Katika kisiwa cha Mafia baiskeli si chombo cha anasa. Hubeba nazi, samaki, madumu ya maji na watoto waendao shule. Na katika barabara ya lami itokayo Kilindoni hadi Utende, yenye urefu wa takribani kilomita 15, si ajabu vijana kuigeuza chombo cha kushindania. Lakini palipo na mwendo wa kasi hapakosi ajali, na ajali ikivunja mfupa, jambo la kwanza ambalo wenzake majeruhi huuliza ni hili: atarudi lini? Swali hilo limewekwa vibaya. Linalofaa kuulizwa ni: atajuaje kwamba amepona?

Mfupa uliovunjika huungana kwa hatua. Kwanza damu huganda mahali palipovunjika. Kisha, katika wiki chache, hujengeka kiungo laini ambacho baadaye hujazwa chokaa na kuwa kigumu. Mfupa wa paja la mtu mzima kwa kawaida huhitaji miezi mitatu hadi sita kuungana, na hata hapo kazi haijaisha, kwani mwili huendelea kuuchonga upya kwa miezi mingi, pengine miaka. Maumivu hutoweka mapema kuliko hatua hizo. Basi anayeongozwa na kutosikia maumivu pekee anaongozwa na shahidi asiyejua kesi yote.

Misuli nayo ina hesabu yake. Mguu uliofungwa plasta ya jasi, maarufu kwa jina la hogo, huanza kukonda katika muda wa wiki mbili tu. Hapo ndipo baiskeli inapoleta faida na hila kwa pamoja. Kwa kuwa uzito wa mwili hukaliwa na kiti, mgonjwa anaweza kuurudishia moyo, mapafu na misuli nguvu bila kuutesa mguu. Lakini mfupa huimarika kwa kubebeshwa uzito, na baiskeli haiubebeshi uzito wa kutosha. Imekwisha kuonekana kwamba hata waendesha baiskeli hodari wa mashindano ya barabarani mara nyingi huwa na mifupa isiyo mizito. Kwa hiyo mtu aweza kuwa na pumzi ya kushinda huku mfupa wake ungali dhaifu. Kutembea kwa miguu, kupanda ngazi na, daktari akiruhusu, kubeba mizigo midogo, ni sehemu ya tiba.

Mfano ulio karibu ni wa Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kuanza kujifunza mashindano nchini Kenya chini ya David Kinjah. Alishinda mashindano makuu ya Ufaransa mara nne, katika miaka ya 2013, 2015, 2016 na 2017. Juni 12, 2019, alipokuwa akiikagua njia ya mashindano huko Roanne, upepo wa ghafla ulimwangusha ukutani. Akavunjika paja, kiwiko na mbavu. Februari 2020 alikuwa amekwisha kurudi mashindanoni katika Falme za Kiarabu. Watu wengi walishangilia wepesi huo. Hata hivyo, baadaye yeye mwenyewe alieleza kwamba mguu wake wa kulia ulikuwa dhaifu kuliko wa kushoto, na ushindi wa zamani haukurudi. Mmarekani Greg LeMond, aliyepigwa risasi kwa bahati mbaya mawindoni mwaka 1987, alihangaika kwa miaka miwili, kisha mwaka 1989 akashinda mashindano yale yale ya Ufaransa kwa sekunde 8. Umri wao ulitofautiana na majeraha yao yalitofautiana. Mifano miwili haifanyi kanuni. Inachothibitisha ni kwamba kurudi barabarani ni jambo moja na kupona ni jingine.

Huenda ikasemwa kwamba hayo ni mambo ya matajiri wenye mashine na wataalamu. Sivyo. Picha ya eksirei na idhini ya daktari ni lazima. Lakini baada ya hapo vipimo vingi ni rahisi. Kwa futi ya fundi cherehani, mzingo wa kila paja hupimwa sentimita 15 juu ya pia ya goti, na tofauti ikaandikwa kila wiki. Huhesabiwa pia mara ngapi mtu aweza kuinuka kitini kwa mguu mmoja, kisha kwa mwingine. Mapigo ya moyo huhesabiwa kwa saa ya kawaida. Dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao huupa mwili chokaa, na kuacha tumbaku huharakisha kuungana kwa mfupa.

Hili ni somo lifaalo darasani: mwalimu wa baiolojia na wa hisabati waweza kulifundisha pamoja, wanafunzi wakichora grafu za miguu yao wenyewe iliyo mizima. Wahenga husema subira yavuta heri. Lakini subira isiyopimwa ni kungoja tu. Kijana wa Mafia akivunjika mara ya pili hapotezi medali pekee, bali hupoteza pia chombo kinachompeleka shambani, pwani na sokoni. Anayestahili kusifiwa si yule aliyerudi kabla ya wenzake, bali yule aliyerudi miguu yake yote miwili ikiwa imetoa ushahidi ule ule.