Kwani Ulikwenda Kumzika Nani?

Vijana wenzangu wa kalamu, leo nimekuja na ugomvi.

Haupiti mwezi pale kijiweni kwetu bila mmoja wetu kuleta hadithi yenye meli nyeupe. Mnaijua meli hiyo. Ina ghorofa kumi na tano, ina bwawa la kuogelea juu ya sitaha na mhudumu aliyevaa glavu. Shujaa wetu anaitwa Kevin au Vanessa hata kama kazaliwa Kashai. Ameshinda bahati nasibu, au kapata mchumba wa Kizungu, sasa anakwenda likizo yake ya kwanza ya meli kwenye visiwa vya joto. Anashuka Bahama. Kuna minazi, kuna mchanga mweupe, kuna kinywaji chenye kimwavuli. Kisiwa kizima hakina mtu isipokuwa yule anayeleta hicho kinywaji, naye hana jina wala shida, kazi yake kutabasamu. Jua linazama, hadithi inakwisha.

Tunapiga makofi.

Na mimi nikaleta yangu. Nilikuwa nimeandika safari yangu ya kwanza ya meli: Bukoba hadi Mwanza kwa Victoria, daraja la tatu, kisha kivuko hadi Nansio, Ukerewe. Siku nne za kustarehe kwa hela niliyoipata kwa kubeba zege. Nilisoma mpaka nukta ya mwisho. Kimya. Halafu mshikaji mmoja, tena mwenye kipaji kuliko wengi wetu, akaniuliza: "Sasa huko Ukerewe ulikwenda kumzika nani?"

Watu wakavunjika mbavu. Hata mimi nilicheka. Lakini swali lile limenikwama kooni kama mwiba wa samaki, na leo nataka kulitema hapa mbele yenu.

Maana yake nini? Ni kwamba mtu wa Nshambya akionekana ndani ya meli, basi pana msiba, au pana mgonjwa wa kupelekwa Bugando, au pana mikungu ya ndizi ya kuuza. Kupanda meli kwa raha tu, ukae, utazame maji, ule, ulale, hiyo ni haki ya Vanessa. Na visiwa vya joto navyo viko kwao Vanessa, mbali, kwenye kalenda za ukutani.

Hebu tufungue ramani tuliyofundishwa darasani. Nassau, mji mkuu wa Bahama, uko kaskazini ya Tropiki ya Kansa. Yaani uko nje ya tropiki kabisa! Bukoba iko nyuzi moja na kitu kusini ya ikweta, haifiki hata kilomita 150. Sisi ndio tulio kitovuni mwa hiyo tropiki mnayoifuata kwa bahati nasibu. Kisiwa je? Simama ufukweni mjini, tazama mbele: Musira ile pale, imekaa majini kama mkate. Wazee wanasimulia kwamba enzi za Abakama wakosaji walipelekwa kutupwa huko. Nenda Muleba, kuna Bumbire, kuna Ikuza, kuna Goziba, kata nzima za visiwani, zenye shule na wapiga kura na wachumba. Dagaa wanaanikwa mchangani hadi harufu inakupokea kabla hujaiona nchi kavu. Visiwa tunavyo. Tatizo letu tunavitazama kwa macho ya mtu aliye juu ya sitaha.

Na macho hayo yana historia hapa hapa. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alilizunguka ziwa hili kwa mashua aliyoiita Lady Alice. Alitumwa na magazeti mawili, New York Herald la Marekani na Daily Telegraph la London. Alikuwa mwandishi wa safari, kama tunavyotamani kuwa sisi, tena wa kulipwa. Mwezi Aprili alifika Bumbire, akagombana na wenyeji, akaponyoka. Mwezi Agosti akarudi na mitumbwi na bunduki, akawamiminia risasi watu waliojipanga ufukweni, yeye akiwa majini. Kisha akayaandika mwenyewe kwa kujisifu, hata huko Uingereza baadhi ya watu wakaona haya na kupiga kelele. Kisiwa cha Muleba kiliingia kwenye vitabu vya dunia namna hiyo: umati wenye mikuki, unaoonekana kutoka kwenye chombo cha mtu mwingine.

Sisemi kwamba mshikaji wangu na Vanessa wake wanampiga mtu risasi. Nasema wamesimama mahali pale pale, juu, wanatazama chini. Haiti kuna ufukwe unaitwa Labadee. Kampuni ya Royal Caribbean iliukodi tangu miaka ya 1980, na kwa miaka mingi meli zake zilishusha watalii pale, ndani ya uzio. Januari 12, 2010 tetemeko la ardhi liliibomoa Port-au-Prince. Siku chache tu baadaye meli zilifunga tena Labadee, na watu wakaogelea. (Zilishusha pia chakula cha msaada, tusiwaonee.) Ungekuwa mwandishi, ungesimama upande gani wa ule uzio? Vanessa hata hajui kama uzio upo.

Sasa nije kwenye lililo zito. Najua kwa nini tunakimbilia meli nyeupe. Tunaiogopa ile yetu.

Mei 21, 1996, MV Bukoba, ikitoka hapa kupitia Kemondo, ilipinduka ikiwa imekaribia kabisa Mwanza. Mimi sikuwa nimezaliwa, na wengi wenu vivyo hivyo, lakini nani kati yetu hakukulia ndani ya kilio kile? Bibi yangu mzaa mama hajakanyaga meli tangu siku hiyo. Mwanza anakwenda kwa basi, anazunguka kote kule Biharamulo na Geita. Kabla ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa mwaka 2025 alikuwa anavuka kile kivuko huku amefumba macho, rozari mkononi.

Kuna jambo moja katika habari za ajali ile ambalo kila nikilifikiri kalamu inanitetemeka. Meli ilikuwa na uwezo wa abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na majina 443. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Someni tena hapo. Walikufa mamia kwa mamia, wengine husema walikaribia 1,000, na ubishi wa hesabu haukwishi kwa sababu waliolipa nauli ndogo hakuna aliyeandika kwamba wamepanda.

Mwaka uliofuata, 1997, ikatoka sinema ya Titanic. Kaka zetu na dada zetu walijazana kwenye mabanda ya video wakamlilia Jack, abiria wa daraja la tatu ambaye hakuwahi kuwepo. Silaumu kilio chao. Ila meli ya Titanic yenyewe ilizama mwaka 1912, wakafa zaidi ya watu 1,500, na majina ya abiria wa daraja la tatu, wahamiaji maskini wa Ireland na Sweden na Lebanoni, yapo hadi leo, unaweza kuyasoma moja moja.

Na mwaka ule ule wa 1996, Januari, miezi minne kabla ya msiba wetu, jarida la Harper's la Marekani lilichapisha makala ndefu ya kijana aitwaye David Foster Wallace. Jarida lilimgharimia akae wiki nzima kwenye meli ya starehe huko Karibi. Alirudi akaandika kwamba kule kubembelezwa mchana na usiku kulimtia huzuni, tena huzuni ya kutisha. Yaani mwenye meli nyeupe mwenyewe aliipanda, akatuandikia kwamba ndani yake kuna upweke, na sisi huku miaka thelathini baadaye bado tunampeleka Vanessa akafurahi kwa niaba yetu! Wallace angalau alikwenda. Sisi tunaandika meli ambayo hatujaipanda, kwenda kisiwa tusichokijua, na tunaona haya kuandika ile tuliyoipanda.

Sasa niwaambie niliyoyaona, maana ndiyo niliyochekewa.

Victoria iliundwa Scotland, ikaletwa vipande vipande hadi Kisumu, ikaungwa huko na kuanza kazi mwaka 1961. Ilisimama miaka kadhaa, ikakarabatiwa, ikarudi majini 2020. Ilikuwa Novemba, msimu wa senene. Nilipokata tiketi karani aliniuliza jina langu kamili, nikalitaja, akaliandika. Nilimtazama akiandika herufi kwa herufi. Jamani, hapo starehe yangu ilianza. Nilihesabu maboya, nikatazama milango iko wapi, kisha nikakaa kwa raha zangu kama mfalme. Mtu hawezi kustarehe juu ya chombo kilichojazwa kupita kiasi. Septemba 20, 2018 pale jirani na Ukara, MV Nyerere, kivuko cha kubeba watu 101, kilipinduka na waliokufa wakazidi 220. Kwa hiyo mtu anaponiambia starehe ni anasa, ni mambo ya Wazungu, namwambia kwetu sisi starehe inaanzia kwenye hesabu ya abiria, na hesabu hiyo tunayo haki ya kuidai kwa sauti.

Kando yangu alikaa mama mmoja mwenye mikungu yake chini kwenye shehena. Alikuwa ameficha senene kwenye kopo la maziwa ya watoto, akatugawia watano tuliomzunguka, kisha akatutoza wawili tulioomba tena. Wazee walicheza drafti kwa vizibo vya soda na kutukanana kwa Kihaya cha heshima, ukiwasikia utadhani wanaombeana heri. Binti wa sekondari alisoma kitabu kwa mwanga wa simu hadi chaji ikaisha, akaniazima yangu bila kunijua. Usiku wa manane nilitoka nje. Taa za wavuvi wa dagaa zilikuwa zimetapakaa ziwani, mbali, utasema kuna mji umeota juu ya maji. Kijana mmoja akaniambia kaka yake yuko kwenye mojawapo ya taa zile, ila hajui ipi. Alizitazama zote, kwa zamu.

Meli nyeupe ya Karibi inakupa vipi kitu hicho?

Asubuhi miamba ya Mwanza ikachomoza. Nikapanda kivuko, nikaenda Nansio. Nilikula sato, nililala mchana, nilitembea, nilinunua machungwa nikayala barabarani kama mtoto. Sikuzika mtu. Na nilifika kwa heshima, maana Ukerewe ndiko alikozaliwa Euphrase Kezilahabi mwaka 1944, kijijini Namagondo. Rosa Mistika, riwaya yake ya 1971, ile iliyowahi kupigwa marufuku mashuleni, imeanzia hapo hapo kisiwani. Rosa ana baba, ana barua, ana makosa, ana mwili. Hamletei mtu kinywaji. Zaidi ya miaka hamsini iliyopita mtu wa kisiwani alikwisha kutuonyesha kwamba kisiwa kina wenyewe, nasi tumerudi nyuma hadi kwenye kimwavuli.

Kuna watakaonijibu kwamba mwandishi ana uhuru wa kuota, na kwamba kijana aliyemaliza kidato cha nne hana kazi, ana haki ya kujitoa mawazo kwa Bahama ya karatasi. Ana haki, sikatai. Aote hadi asubuhi. Ila ndoto ile si yake. Kaiazima kwenye tangazo la biashara, na mwenye tangazo hakumweka yeye kwenye sitaha. Alimweka kwenye trei.

Na wengine, hasa wakubwa zetu, watasema ziwa hili lina wafu wengi mno kwa mtu kuliandikia raha. Hao nawajibu kwa adabu. Mama wa senene alikuwa akicheka, na hakuna aliyemkataza. Wale wa daraja la tatu wa 1996 nao walikuwa wanacheka usiku ule, walicheza drafti, waligawana chakula, walipatana bei, pengine walitongozana. Tukiwaandika kama maiti tu, tumewaacha nje ya orodha mara ya pili. Mimi riwaya yangu itawapandisha mmoja mmoja, kwa jina nitakalompa, na kila mmoja atakuwa na anachokwenda kukifurahia Mwanza.

Nimefika sura ya tatu. Bibi ameanza kuniuliza maswali: yule mama aliuza senene bei gani, choo cha meli kikoje, kwani siku hizi wanaandika majina kweli? Namjibu, naye anarudi kimya kwenye kumenya ndizi zake.

Mshikaji wangu wa Vanessa, nakualika rasmi mbele ya wasomaji wote. Victoria inaondoka usiku. Nauli ya kwenda nitakulipia mimi, ya kurudi utajijua mwenyewe. Njoo na daftari na sweta, kule nje kuna baridi. Na ukifika dirishani taja jina lako kamili, tena taratibu, karani aliandike lote.