Mbele ya kutia kidole, uliza jumla

Mkopeshaji akikuambia "faida ni asilimia 10 tu kwa mwezi", hajakuambia yote. Muulize: 10 ya deni lote, ama ya deni lililobaki?

Tuhesabu. Umekopa dola 100, utarudisha 20 kila mwezi kwa miezi 5, pamoja na faida. Faida ikihesabiwa juu ya 100 mpaka mwisho, ni 10 mara tano: utalipa jumla 150. Ikihesabiwa juu ya deni lililobaki, ni 10, 8, 6, 4, kisha 2: utalipa 130. Asilimia ni ileile, lakini dola 20 zimekutoka. Kwa mama wa kambi ya Kigonze anayeuza sombe, hicho ni chakula cha watoto.

Tena, ukiuza kwa franka na deni ni la dola, dola ikipanda, deni nalo linapanda.

Katika AVEC, faida inabaki ndani ya sanduku, wanamemba wanagawana mwisho wa mzunguko. Kwa Banque Lambert, inaenda na mwenye pesa.

Maoni yangu: kila mkopeshaji wa Bunia aandike jumla hiyo kwa Kiswahili, mbele ya mtu kutia sahihi ama kidole. Akikataa kuitaja, usitie.