Tuwapandishe Watoto Treni, Hata Ikichelewa

Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, Juni 14, 2024, wako wazazi wanaowaahidi watoto wao safari ambayo kila likizo inasogezwa mbele. Ukiwauliza sababu, watakuambia treni inachelewa: ikikwama porini na watoto ndani, itakuwaje? Swali hilo lina haki ya kujibiwa, kwani halikutungwa. Mwaka ule ule wa 2024 Shirika la Reli lenyewe liliutangazia umma kwamba treni ilisimama njiani kwa hitilafu ya umeme, na kwamba miongoni mwa visababishi walikuwamo ngedere na bundi. Nchi nzima ilicheka. Aliyekuwa ndani ya behewa na mtoto mwenye njaa hakuwa na la kumchekesha. Hata hivyo, nashikilia kwamba hofu hiyo, ikipimwa sawasawa, inatuelekeza namna ya kuchagua safari. Haituruhusu kuwanyima watoto safari yenyewe.

Tuanze na hasara, maana ndiyo inayoogopwa. Saa moja iliyopotea njiani haina bei moja kwa kila msafiri. Anayewahi usaili, anayekwenda kumwona daktari kwa miadi, anayesubiriwa kwenye kikao cha mahari, hao saa moja inaweza kuwavunjia shughuli nzima. Familia inayokwenda Morogoro Jumamosi kuitazama Milima ya Uluguru na kununua ndizi katika Soko la Chifu Kingalu inapoteza nini? Milima haifungwi saa kumi. Kwa hiyo safari fupi isiyo na miadi mwisho wake ndiyo inayostahimili kuchelewa kuliko safari nyingine zote, na ndiyo hiyo hiyo tunayoiahirisha. Tena tuwe wakweli kuhusu basi. Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro kwa reli ni kilomita 192, na treni ikienda vizuri haimalizi saa mbili. Ikichelewa saa nzima, bado inakaribiana na basi lililotambaa kuanzia Kimara hadi Kibaha, likasimama Mlandizi, likasimama Chalinze. Basi nalo huchelewa. Ila kuchelewa kwake tumekuzoea, tukakuita foleni, na hatumwachi mtoto nyumbani kwa sababu yake.

Wengine watasema: sawa, lakini mtoto atafaidi nini akikaa kwenye kiti kinachokwenda mbio? Atafaidi nchi yake. Treni ikivuka Ruvu, mtoto wa Dar es Salaam anauona kwa macho yake mto unaotoa sehemu kubwa ya maji yanayotoka kwenye bomba la kwao. Akikaribia Morogoro ataona mashamba ya mkonge, ambayo kitabu cha shule kimemtajia bila kumwonyesha. Mzazi anaweza kumweleza kwamba Wajerumani walianza kujenga reli ya kwanza ya njia hii mwaka 1905, wakafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914, na kwamba watu wa nchi hii ndio waliobeba mataruma na kuchimba udongo. Hata kusimama kuna la kufundisha. Reli mpya kati ya miji hii miwili ni ya njia moja. Treni mbili zinazokutana haziwezi kupishana popote, ila pale penye njia ya pembeni, kama stesheni. Ikichelewa moja, ya pili nayo inabidi isubiri. Mtoto wa miaka saba akielezwa hivyo huelewa, na treni ya upande wa pili ikipita kwa kishindo dirishani atajua ni kitu gani kilichokuwa kinangojwa. Mzazi anayesonya na kutukana wahudumu humwachia somo jingine, na hilo halisahauliki upesi.

Sisemi kwamba kila mtoto yuko tayari. Mwenye kichanga cha miezi michache, au mtoto aliyeamka na homa, abaki nyumbani bila kujilaumu. Kwa wengine, maandalizi yanamaliza nusu ya matatizo: maji, maandazi au viazi vya kuchemsha, nguo ya kubadilisha, na kitu cha kuchezea kisichopiga kelele. Ndani ya treni kuna choo, na mtoto anaweza kusimama akanyoosha miguu. Anayejua shida ya kumbembeleza dereva wa basi asimame kwa ajili ya mtoto ataelewa uzito wa jambo hilo. Kuhusu nauli, kwa viwango vilivyotangazwa 2024 mtu mzima hulipa shilingi 13,000 hadi Morogoro, mtoto wa miaka minne hadi 12 nusu yake, na aliye chini ya miaka minne halipi. Baba, mama na watoto wawili wa shule ya msingi ni 78,000 kwenda na kurudi. Si fedha ndogo, na sitajifanya ni ndogo. Lakini ziko nyumba zinazotumia kiasi hicho kwa chipsi na soda za wikiendi mbili bila kuandika hata kwenye karatasi.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la anayesema kwamba kupanda treni inayochelewa ni kuubariki uzembe. Lingekuwa na nguvu kama kupanda kungetulazimisha kunyamaza. Abiria mwenye tiketi mkononi ndiye mwenye haki ya kuuliza tumesimama kwa nini na tutaondoka lini, na akinyimwa jibu kuna LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, na kuna baraza la watumiaji wa usafiri huo lililowekwa kwa kazi hiyo. Aliyebaki nyumbani analalamika juu ya huduma asiyoitumia. Nadhani shirika linadaiwa taarifa kabla ya kudaiwa mwendo: mzazi aliyeambiwa “dakika arobaini” anajua kama atoe chakula sasa au baadaye.

Basi kateni tiketi mapema, mchague treni ya asubuhi, na kurudi msikuweke kwenye treni ya mwisho ya Jumapili, kwa sababu hapo kuchelewa kutagusa usingizi na shule ya Jumatatu. Na ambaye moyo bado unamsita aanze na stesheni ya Ruvu, ambako nauli ya mtu mzima ilitangazwa kuwa shilingi 5,000. Ila aulize kwanza dirishani kama treni anayoikatia tiketi inasimama pale, maana si zote zinazosimama vituo vidogo, na aulize papo hapo saa ya treni ya kumrudisha.