Mapaja ya mama si kiti cha gari

Mzazi mwenzangu, shule zinapofungwa na Krismasi inapobisha hodi, jamii nyingi za Nairobi na Mombasa huanza kufungasha. Walio na kwao Mbita hawabaki nyuma. Kuna wanaopanda basi la usiku, na kuna wale ambao, kwa sababu ya mtoto mchanga au likizo fupi, hujikaza wakanunua tikiti za ndege hadi Kisumu. Kutoka Nairobi safari ya angani haifiki hata saa moja. Kabla ya kupaa, mhudumu hupita kiti baada ya kiti akihakikisha kila mkanda umefungwa, na hakuna abiria anayemnung'unikia.

Kisha ndege inatua, na tahadhari yote huachwa uwanjani. Nje linasubiri gari la kukodi, aghalabu Probox au Noah. Baba anaketi mbele na dereva. Nyuma anaingia mama na mtoto wake, nyanya aliyekuja kuwalaki, na watoto wawili wakubwa waliobanana dirishani. Mikoba inarundikwa nyuma ya vichwa vyao. Mbele yao kuna zaidi ya kilomita 100 kupitia Katito, Kendu Bay na Homa Bay, katika barabara ambayo ng'ombe na bodaboda huikatiza bila kubisha hodi. Hakuna anayeuliza mtoto ameketi wapi. Amepakatwa, na hivyo ndivyo tulivyolelewa sote.

Makala haya yanataka kusema jambo moja tu: mapaja ya mama ni mahali pa mapenzi, lakini si kiti cha gari.

Nguvu isiyoshikika

Wengi wetu tunaamini kwamba hatari ikitokea tutamkumbatia mtoto kwa nguvu zaidi. Hebu tupige hesabu. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likigonga lori na kusimama ghafla, kila kilichomo ndani huendelea kwenda mbele kwa mwendo ule ule. Kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, mtoto wa kilo 10 huvutwa kwa nguvu inayoweza kufika uzito wa kilo 200 hadi 300. Hizo ni kama gunia tatu za mahindi. Ni mama yupi awezaye kuzidaka gunia tatu kwa mikono miwili, tena bila kuonywa?

Tazama pia kwa njia nyingine. Kugonga kitu kigumu kwa mwendo huo ni sawa na kuanguka kutoka kimo cha mita 10 hivi, yaani dirisha la orofa ya tatu. Kwa mwendo wa kilomita 80, kimo hicho hufika mita 25, karibu jumba la orofa nane. Hakuna mzazi anayeweza kumkalisha mtoto kwenye ukingo wa orofa ya nane kwa sababu tu amemshika mkono.

Kuna wanaojaribu kumfunga mtoto ndani ya mkanda mmoja na mtu mzima. Hilo ni kosa kubwa zaidi, kwani gari likigonga, uzito wote wa mtu mzima humkandamiza mtoto kwenye mkanda ule. Na mama asiyefunga mkanda kabisa humponda mwanawe kwa mwili wake mwenyewe.

Sheria imefika wapi?

Viti vya watoto si mambo ya juzi. Mnamo 1964, daktari wa Sweden aitwaye Bertil Aldman alijaribu kiti kinachomfanya mtoto atazame nyuma ya gari. Wazo alilipata kwa wanaanga, ambao hulazwa chali wakati wa kurushwa ili mgongo wote upokee nguvu. Mtoto mchanga ana kichwa kizito na shingo laini, kwa hivyo naye huhitaji mgongo wake wote uegemezwe. Mnamo 1978, jimbo la Tennessee huko Marekani likawa la kwanza kulazimisha wazazi kuvitumia, baada ya kampeni ya daktari wa watoto, Robert Sanders. Shirika la Afya Duniani linasema viti hivi vikitumiwa sawasawa huweza kupunguza vifo vya watoto kwa asilimia 60.

Kwetu Kenya, wengi wanazikumbuka kanuni za waziri John Michuki zilizoanza kutekelezwa Februari 2004. Zilileta mikanda ndani ya matatu na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Hata hivyo, mkanda wa matatu ulishonwa kwa ajili ya mtu mzima. Katika ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2018, Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zisizo na sheria ya kitaifa kuhusu viti vya watoto.

Isitoshe, usidhani wenzetu wa ng'ambo wamemaliza kazi. Nchini Uingereza, sheria humtaka mtoto atumie kiti hadi afikishe miaka 12 au kimo cha sentimita 135. Lakini teksi isipokuwa na kiti, mtoto wa chini ya miaka mitatu huruhusiwa kusafiri nyuma bila chochote. Gari la kukodi ndilo pengo la kila mahali: dereva hudhani kiti ni kazi ya mzazi, na mzazi hudhani ni kazi ya dereva.

Kiti kipi kwa mtoto yupi?

Mtoto mchanga huwekwa kwenye kiti kinachotazama nyuma, angalau hadi apite miezi 15, na akikaa hivyo zaidi ni bora. Kiti hicho kamwe kisiwekwe mbele kando ya dereva mahali penye mfuko wa hewa unaofanya kazi, kwani mfuko ukifumuka hukigonga kwa kishindo cha kuua. Akikua, hutumia kiti kinachotazama mbele chenye mikanda yake ya mabegani. Baada ya hapo huhitaji kiti kidogo cha kumwinua, ili mkanda wa gari upite begani na nyongani, usimkate shingo wala tumbo.

Ukishakifunga, kitikise pale mkanda unapopita. Kikisogea zaidi ya upana wa vidole viwili, hakijafungwa. Na jihadhari na viti vya mitumba. Kiti kilichowahi kupata ajali huweza kuwa na ufa usioonekana, na muuzaji hajui kilitoka gari gani. Tafuta tarehe ya kutengenezwa na nembo ya viwango. Usipoziona, weka pesa zako mfukoni.

Kabla ya kuulizana bei

Kwa kuwa mzazi ndiye aliyebaki na mzigo huu, njia ya hakika ni kusafiri na kiti chako. Mashirika mengi ya ndege hukibeba pamoja na mizigo bila kulipisha, lakini uliza unapokata tikiti. Kisha mpigie dereva siku mbili tatu mapema, na swali hili litangulie bei: "Ndugu yangu, nina mtoto wa mwaka mmoja na mwingine wa miaka minne. Mikanda ya kiti cha nyuma inafanya kazi yote?" Muulize kama kila mkanda hupita begani au ni wa kiunoni pekee, maana viti vingi vya watoto huhitaji ule wa begani. Katika magari mengi ya kukodi mikanda ya nyuma imefukiwa chini ya vitambaa vya viti. Dereva aliyeambiwa mapema atapata muda wa kuifukua. Aliyeambiwa uwanjani atakuambia tu kwamba ni mwendaji wa pole.

Mwambie pia idadi ya watu, hata wale wanaokuja kuwalaki. Ikiwa gari ni dogo, afadhali nyanya awasubiri nyumbani na uji wa moto kuliko kumnyima mtoto nafasi yake. Mizigo mizito iwekwe chini kabisa. Mnaporudi Nairobi na gunia la omena, kumbuka kwamba nalo huruka likiwa nyuma ya vichwa vya watoto.

Kwa wale wanaokwenda Rusinga, kubalianeni kwamba gari litavuka hadi mlangoni. Haina maana kumlinda mtoto safari nzima, kisha mteremke Mbita mumbebe katikati ya watu wawili kwenye bodaboda.

Feri ina kanuni yake

Baadhi ya wasafiri hupitia Bondo hadi Luanda K'Otieno, kisha wakavuka ziwa kwa feri hadi Mbita. Hapa mambo hugeuka. Mkanda unaomwokoa mtoto barabarani huweza kumfunga majini. Kabla gari halijapanda feri, mfungue mtoto, teremkeni nyote, mvuke mkiwa nje ya gari, na mumvishe jaketi la kuokolea maisha linalomtosha. Mnamo Septemba 29, 2019, kule Likoni, gari lilirudi nyuma likatumbukia kutoka kwenye feri ya MV Harambee. Mama na bintiye wa miaka minne walikuwa ndani, na ilichukua karibu wiki mbili kuliopoa. Mkishafika ng'ambo, mtoto arudi kwenye kiti chake.

Maneno ya nyanya

Kikwazo kikubwa huenda kisiwe dereva wala sheria, bali nyanya mwenyewe. Amengoja mwaka mzima kumshika mjukuu, na sasa anaambiwa mtoto afungwe kwenye kiti cha plastiki, tena analia. Atauliza, "Kwani sisi tuliwaleaje?" Usibishane naye. Mpe mtoto palepale uwanjani, ambebe, ambusu, amwimbie. Mweleze kwamba anaketi kando ya kiti hicho na mkono wake ndio utakaomliwaza njia nzima. Kila saa moja na nusu hivi, simamisheni gari mahali salama, mtoto atolewe, anyonye na kujinyoosha.

Na siku mipango ikivunjika, kiti kikapotea na usiku umeingia? Ikiwezekana, laleni Kisumu mkatafute kiti asubuhi. Gharama ya chumba kimoja hulipika. Aliye na miaka minne au mitano aketi nyuma na mkanda wake peke yake, na dereva aambiwe mwendo utakuwa wa pole. Lakini kwa mchanga hakuna ujanja unaochukua mahali pa kiti. Tahadhari kabla ya hatari, walisema wahenga, na katika safari hii tahadhari huanza siku ile unayoinua simu kumwita dereva.